Puti kila siku: namna ya kupata muda wa mazoezi nyumbani na klabuni

Uwanja wa gofu wa mashimo 18 wenye pa 72 (idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji mzuri) umepangwa kwa hesabu kwamba mchezaji atapiga puti mbili, yaani mipigo ya kuubingirisha mpira kuelekea shimoni, kwenye kila grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Hiyo ni mikwaju 36, nusu ya mchezo mzima. Lakini nenda klabu yoyote Jumamosi asubuhi uone watu wanavyojipanga: kule kwenye uwanja wa mazoezi ya mipira mirefu kikapu cha mipira kinaisha, kingine kinaagizwa, na kwenye grini ya mazoezi kuna watu wawili tu wanaosubiri zamu yao ya kuanza. Ukiwauliza, watakwambia muda hautoshi.

Kwa watu wa huku kwetu malalamiko hayo yana ukweli. Mwezi wa Juni kule St Andrews, Uskoti, mtu anatoka kazini, anakula, kisha anacheza hadi saa nne usiku jua bado linaonekana. Nairobi jua huzama saa 12 na nusu hivi jioni mwaka mzima, na Dar es Salaam ni kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro. Ukitoka ofisini saa 11 na kuikuta foleni njiani, siku imekwisha. Ndiyo maana mwanagofu wa Afrika Mashariki anahitaji mpango kuliko mwenzake wa Ulaya.

Mpango wenyewe unaanzia hapa. Puti ina kazi mbili: kuuanzisha mpira kwenye mstari ulioukusudia, na kuupa kasi inayofaa. Kazi ya kwanza haihitaji nyasi hata kidogo, sakafu ya sebuleni inatosha. Ya pili haifanyiki nyumbani, kwa sababu zulia lako si grini. Wengi huzichanganya: nyumbani wanajipima kasi kwenye zulia, na klabuni wanamaliza nusu saa wakihangaika na namna ya kushika fimbo. Tenganisha kazi hizi mbili, utashangaa jinsi muda mdogo ulionao unavyotosha.

Hatua ya 1: Itoe fimbo kwenye buti la gari

Fimbo ya puti ikilala kwenye buti la gari, au ikibaki klabuni pamoja na mfuko, mazoezi ya nyumbani yamekufa kabla ya kuanza. Ukirudi kutoka uwanjani, itoe uisimamishe mahali ambapo huwezi kupita bila kuiona: kando ya televisheni, au mlango wa chumbani. Weka na mipira mitatu pembeni yake. Kama unaogopa kuisahau siku ya mchezo, usiku wa kuamkia siku hiyo weka funguo za gari juu yake. Mwenye uwezo atafute fimbo ya pili ya mtumba, mradi urefu na umbo lake vikaribiane na ile anayochezea.

Kisha ifunge puti na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Usiseme "nitafanya nikipata nafasi", maana nafasi haiji. Sema: maji ya chai yakiwa jikoni, napiga puti. Au baada ya swala ya Isha. Au dakika kumi kabla ya taarifa ya habari, ya saa moja kama uko Kenya, ya saa mbili kama uko Tanzania. Dakika kumi zikiisha acha, hata kama mkono umekolea. Anayeacha akiwa bado na hamu kesho atarudi. Anayejilazimisha saa nzima Jumatatu hutamwona tena mpaka wiki ijayo.

Hatua ya 2: Tumia mistari ya vigae

Watu wengi hudhani kwamba bila mkeka maalumu wa puti, ule wenye shimo na mashine ya kurudisha mpira, nyumbani hakuna la kufanya. Mkeka ni mzuri kwa aliyenao. Lakini nyumba nyingi za mijini zina sakafu ya vigae, na ule mstari wa saruji kati ya kigae na kigae ni rula ndefu iliyonyooka ambayo fundi alishakutengenezea.

Simama mstari ukiwa chini ya mpira. Weka uso wa fimbo, ule upande unaogusa mpira, sambamba na mstari unaokatiza, ule unaounda pembe mraba na wa kwanza. Sasa unaona wazi kama uso umenyooka au umefunguka kidogo kuelekea kulia. Rudisha fimbo polepole juu ya mstari, ilete mbele, simamisha, tazama. Fanya hivyo mara kadhaa bila mpira kwanza. Usishtuke ukiona kichwa cha fimbo kinaingia ndani kidogo kinaporudi na kinapomaliza, kwani hilo ni tao la kawaida la mabega yanayozunguka. Kinachotakiwa ni uso uwe mraba pale mpira ulipo, kwa sababu uso wa fimbo ndio unaoamua kwa sehemu kubwa mpira uanze kuelekea wapi.

Macho nayo yana nafasi yake. Ukiwa umesimama kama unavyosimama kupiga, shika mpira wa pili kati ya nyusi uuachie uanguke. Ukidondoka juu ya mpira wa chini au ndani kidogo upande wa miguu yako, uko sawa. Ukidondoka nje, umeinama kupita kiasi, na kila mstari utauona umepinda. Kioo kidogo kilicholazwa sakafuni kinafanya kazi hiyo hiyo: uyaone macho yako nyuma ya mpira.

Wanaokaa ghorofani wamfikirie jirani wa chini. Mpira wa gofu ukigonga vigae saa 11 alfajiri unasikika nyumba tatu. Kunja kanga au taulo uiweke ukutani ipokee mipira.

Hatua ya 3: Jenga lango

Zoezi hili ndilo kiini cha kazi ya nyumbani, na kama una dakika tano tu kwa siku, zote zipeleke hapa.

Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108. Ukiwa mita 3 kutoka shimoni kwenye ardhi tambarare, mpira ulioanza nyuzi (digrii) moja tu nje ya mstari utakuwa umepotea sentimita 5 hivi ukifika, yaani uko ukingoni kabisa mwa shimo. Nyuzi mbili, umekosa. Kwa hiyo tunatafuta mkono unaoweza kubaki ndani ya nyuzi moja, na hilo linapimika sebuleni.

Chukua betri mbili za rimoti uzisimamishe sentimita 50 mbele ya mpira, nafasi ya sentimita 6 kati yake. Mpira wenyewe una upana wa milimita 42.67 au zaidi kidogo, kwa hiyo unabakiwa na chini ya sentimita moja kila upande. Ukipita bila kugusa betri, umebaki ndani ya nyuzi moja. Ukigusa ya kulia kila mara, uso wako unafunguka (kwa anayepiga kwa mkono wa kulia). Ukigusa ya kushoto, unajifunga. Betri haibembelezi mtu, na uzuri wake ni kwamba jibu unalipata papo hapo bila mwalimu.

Anza na nafasi ya sentimita 8 kama 6 ni ngumu. Piga mipira kumi na uandike iliyopita mingapi. Usiongeze umbali. Usitafute shimo. Mpira ukishapita langoni kazi yake imekwisha, na huko mbele uende utakavyo.

Unaweza kuweka lango la pili, hili la kichwa cha fimbo: vitu viwili, kimoja nje ya ncha ya kichwa hicho na kingine nje ya kisigino, upande ulio karibu nawe, fimbo ipite katikati. Tiger Woods amekuwa akilifanya hili kwa miaka mingi kwa kutumia vijiti viwili vya tii (vile vya kuwekea mpira wa kwanza wa shimo), tena kwa mkono mmoja wa kulia kabla ya kuweka yote miwili. Linafundisha kuupiga mpira katikati ya uso. Mpira uliopigwa na ncha hupoteza nguvu, ukaishia njiani hata kama mstari ulikuwa sahihi.

Chora pia mstari kuuzunguka mpira kwa kalamu ya wino usiofutika na uuelekeze langoni. Kwenye vigae utaona jambo ambalo nyasi hulificha: mpira uliopigwa vizuri unabingirika na mstari wake ukiwa umesimama wima, hautikisiki. Uliopigwa vibaya unayumba tangu hatua ya kwanza.

Hatua ya 4: Mdundo, na kama una zulia

Mpigo wa puti una mdundo. Kwa wachezaji wengi wazuri, kurudisha fimbo huchukua karibu mara mbili ya muda wa kuileta kwenye mpira, iwe puti ni fupi au ndefu. Kinachobadilika ni urefu wa safari ya fimbo. Simu yako ina programu za kugonga mdundo zinazotumiwa na wanamuziki. Itafutie kasi inayokufaa na uiache igonge unapopiga. Wenye kuimba kwaya wanalipata hili haraka.

Mwenye zulia fupi lenye manyoya madogo anaweza kupiga puti za mita 2 au 3 kuelekea glasi iliyolazwa. Mdomo wa glasi ni mdogo kuliko shimo, na Jumamosi shimo litaonekana pana. Ila kwanza jua zulia lako lina kasi gani. Wakuu wa viwanja hupima kasi ya grini kwa stimpmita, kifaa kilichobuniwa na Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935: reli iliyoinamishwa, mpira unaachiwa kutoka mahali palepale kila mara, kisha unapimwa umekwenda umbali gani. Nawe unaweza kupasua kipande cha bomba la plastiki, ukakiegemeza kwenye kitabu kimoja kile kile, ukaachia mpira kwenye zulia, halafu ukafanya hivyo hivyo kwenye sehemu tambarare ya grini ya mazoezi. Ikiwa umbali unakaribiana, una bahati. Ikiwa zulia linaupeleka mpira mara mbili ya grini, litumie kwa lango tu na usiuzoeshe mkono wako kasi ya uongo.

Watoto wakitaka kujiunga, wakaribishe. Mashindano ya lango kati ya mzazi na mtoto wa miaka minane ni mazoezi kamili, na mara nyingi mtoto ndiye atakayekukumbusha kesho.

Hatua ya 5: Saa moja ya klabuni, mara moja kwa wiki

Chagua siku moja ya kazi ambayo unaweza kuchomoka mapema, au siku ambayo foleni ya kurudi nyumbani ni mbaya kiasi kwamba kukaa njiani au kukaa klabuni ni yale yale. Ukifika saa 11 na nusu una karibu saa moja ya mwanga. Usipite baa, usipite kwenye mipira mirefu. Beba fimbo ya puti, mipira mitatu na vijiti vichache vya tii, basi.

Dakika ishirini za mwanzo ni za kasi, na hapa sitaki shimo. Chomeka vijiti vinne kwenye mstari mmoja, hatua 5, 8, 11 na 14 kutoka unaposimama. Usichomeke pale ambapo wengine wanapita, na mashimo yake uyafukie. Piga mpira ukilenga kijiti cha hatua 8, kisha cha 14, kisha cha 5. Changanya, usipande kwa utaratibu, kwa sababu uwanjani hakuna puti mbili zinazofanana zikifuatana. Mpira uliofaulu ni ule uliokipita kijiti na kusimama ndani ya urefu wa fimbo yako.

Kwa nini kasi ipewe kipaumbele namna hii? Kutoka hatua 14, mchezaji wa wikendi hakosei mwelekeo kwa mita mbili. Anakosea umbali kwa mita mbili, na hapo ndipo puti tatu kwenye grini moja zinapozaliwa. Tena kasi inaamua hata mstari: mpira unaokwenda taratibu hupinda zaidi kwenye mteremko kuliko unaokwenda kwa nguvu, kwa hiyo hakuna mstari sahihi usio na kasi yake. Dave Pelz, mtafiti wa mchezo mfupi (mipigo ya karibu na shimo) aliyewahi kufanya kazi NASA, shirika la anga la Marekani, alipendekeza mpira uwe na nguvu ya kulipita shimo kwa inchi 17, yaani sentimita 43 hivi, endapo hautaingia. Si lazima uishike namba hiyo kwa rula. Ishike picha: mpira unafika shimoni ukiwa hai, na ukikosa unabakia mahali pasipo na hofu.

Dakika kumi na tano zinazofuata ni za puti fupi. Tafuta shimo lililo kwenye mteremko kidogo, weka mipira kulizunguka kwa umbali wa mita moja hadi moja na nusu, uzunguke mara mbili au tatu. Wako wanaofundisha kwamba ukikosa mmoja uanze upya mpaka upige yote mfululizo. Kwa mtu mwenye saa moja kwa wiki sikubaliani nao, maana unaweza kuliona giza ukiwa bado kwenye zoezi hilo na hasira juu. Piga 12, andika zilizoingia, songa mbele. Na usijihukumu kwa kipimo cha televisheni: wachezaji wa PGA Tour wenyewe, ile ziara kuu ya wachezaji wa kulipwa Marekani, kutoka mita 2.4 hivi, huingiza karibu nusu tu.

Muda uliobaki cheza. Mpira mmoja, mashimo tisa ya grini ya mazoezi, kila shimo ni pa 2. Fanya kila kitu kama unavyofanya kwenye mchezo: tembea, tazama mteremko ukiwa upande wa chini, chagua mstari, piga, malizia hata ule wa sentimita 30. Hesabu mikwaju. Kumi na nane ni kazi nzuri sana. Mtafute mwenzako au kedi (anayewabebea wachezaji mifuko ya fimbo) mcheze pamoja, kwa soda. Huu mchezo wa mpira mmoja una thamani kuliko kumwaga mipira kumi mahali pamoja, kwa kuwa uwanjani hupewi mpira wa pili wa kusahihisha.

Kwa kedi nina neno. Wengi wao wamekulia kwenye nyasi zile na wanazijua kuliko mwanachama wa miaka ishirini. Lakini kwenye mazoezi soma mstari wewe kwanza, useme kwa sauti, ndipo umuulize yeye. Mkitofautiana, muulize ameona nini. Pwani, ambako grini nyingi ni za nyasi za nchi za joto kama bermuda, mara nyingi atakuonyesha mlalo wa nyasi: ukitazama mbele ukaona grini inang'aa, nyasi zimelala kuelekea mbali nawe na mpira utakimbia, ukiona rangi imekolea, zimekulalia wewe na mpira utakwama. Chungulia na mdomo wa shimo. Upande ulioliwa na kuchakaa ndiko nyasi zinakoelekea.

Hatua ya 6: Dakika ishirini kabla ya mchezo

Siku ya mashindano si siku ya kutengeneza mpigo. Unatafuta kitu kimoja tu: leo grini ina kasi gani? Asubuhi yenye umande mpira unaacha njia ya maji nyuma yake na hauendi. Saa nne uwanja huo huo umekauka na ni mwingine. Wakati wa masika hali hubadilika kutoka siku hadi siku.

Anza na puti ndefu, kutoka ukingo mmoja wa grini hadi ukingo wa pili, bila shimo. Kisha za kati, ukipanda na kuteremka. Malizia na chache za hatua moja, uusikie mpira ukianguka ndani. Ukianza na hizo fupi na ukakosa mbili, utakwenda tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia, na wasiwasi ambao haukuwa na sababu.

Kanuni za gofu zinakuruhusu. Katika mashindano ya kuhesabu mikwaju huruhusiwi kufanya mazoezi uwanjani siku hiyo kabla ya raundi yako, lakini kuputi kwenye eneo la mazoezi au karibu na tii yako ya kwanza inaruhusiwa. Na kuna mlango ambao wachezaji wengi hawautumii: kati ya shimo na shimo, Kanuni ya 5.5b inakuruhusu kupiga puti za mazoezi kwenye grini uliyomaliza sasa hivi, mradi usicheleweshe mchezo na kamati haijakataza kwa kanuni ya uwanja. Kundi la mbele likiwa bado halijaondoka, rudia ile puti uliyoikosa. Hiyo ni nafasi ya bure kwenye grini halisi, na ni mahali pekee ambapo utajua kama ulikosea mstari au kasi.

Hatua ya 7: Daftari

Kila raundi andika mambo mawili: umepiga puti ngapi, na zile puti tatu zilitokana na nini, ya kwanza kuwa fupi au ndefu mno, au ya pili kukosa kwa mwelekeo. Baada ya raundi nne au tano, daftari litakwambia dakika zako ziende wapi. Ikiwa lawama iko kwenye puti ya kwanza, nyumbani punguza na saa ya klabuni usiikose. Ikiwa ni zile za mita moja, klabu haina dawa ambayo betri mbili za rimoti hazina.

Walio karibu na Nairobi wana darasa jingine la bure au la bei ndogo. Magical Kenya Open, mashindano yaliyoanza mwaka 1967 na ambayo tangu 2019 yamo kwenye ziara kuu ya Ulaya, huleta wachezaji wakubwa hapa kwetu kila yanapochezwa. Wengi hukimbilia tii ya kwanza kuona mipira inavyoruka. Wewe simama kando ya grini ya mazoezi nusu saa. Utaona vijiti vya tii vilivyochomekwa kama lango, uzi uliotandazwa juu ya mstari, vioo vilivyolazwa chini, na mtu anayeishi kwa mchezo huu akirudia puti ya mita moja na nusu bila haraka. Chukua kitu kimoja kati ya hivyo, jioni hiyo hiyo kijaribu sebuleni.